Taharuki Bila Siri: Anayejua Mwisho Huogopa Nini?

Katika likizo ndefu iliyopita, wachache kati yetu tuliobaki bwenini tulijiwekea desturi. Kila Ijumaa usiku tulikusanyika katika chumba kimoja, tukaweka kipakatalishi juu ya ndoo iliyofudikizwa, tukazima taa na kutazama filamu moja ya kutisha. Umeme ulipokatika tulibishana gizani. Makala haya ni zao la ubishi mmoja ulioanza hivyo, nao unagusa dhana tunayoitumia kila siku katika masomo ya fasihi bila kuihoji, yaani taharuki.

Zamu ilikuwa imeifikia The Sixth Sense, filamu iliyoelekezwa na M. Night Shyamalan mwaka 1999. Inamhusu Malcolm Crowe, mtaalamu wa saikolojia ya watoto, anayejaribu kumsaidia mvulana aitwaye Cole ambaye huona wafu. Mwenzangu wa chumbani alikuwa ameitazama zamani. Filamu haijapiga hatua, akanyoosha kidole kwenye kiwambo na kutamka kwa utulivu wa mtu anayesoma bei ya sukari: "Huyo daktari amekwisha kufa. Ni mzimu."

Alirushiwa mito, ndala na maneno ambayo jarida hili halitayachapisha. Mimi nilikasirika kuliko wote. Nilihisi nimeibiwa kitu ambacho hakirudishiki. Lakini yeye alijitetea kwa swali moja: "Ndugu zangu, kama kujua mwisho kunaiua hadithi, mbona mimi ninaitazama mara ya nne na moyo bado unanidunda?" Nilitafuta jibu usiku ule nikalikosa. Ninaendelea kulitafuta hapa. Ni haki basi kumtahadharisha msomaji kwamba siri za filamu kadhaa zitafichuliwa katika kurasa hizi. Asiyependa kuporwa na aruke mbele.

Katika madaftari yetu, taharuki aghalabu hufafanuliwa kuwa ni ile hali ya msomaji au mtazamaji kutaka kujua yatakayotokea baadaye. Ufafanuzi huu unatosha kumpitisha mtu katika mtihani, ila una kasoro. Unaifanya taharuki kuwa mtoto wa kutojua: asiyejua anayo, anayejua hana. Ingekuwa hivyo, kila riwaya ya upelelezi ikishasomwa mara moja ingefaa kufungia maandazi. Neno lenyewe pia halikubaliani na ufafanuzi huo. Limetoka katika Kiarabu, na lina mzizi mmoja na haraka na harakati, maneno yanayohusu mwendo. Kabla ya wahakiki kulichukua kuwa istilahi yao, Mswahili alisema mtu ametaharuki alipomwona amefadhaika, hatulii, mwili uko hapa na roho iko kule. Hakuna mahali ambapo neno hili linadai kwamba anayetaharuki hajui linalokuja. Mama anayemwona mwanawe akitambaa kuelekea kwenye jiko lenye sufuria ya maji yanayotokota ametaharuki kwa sababu anajua.

Mwelekezi Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyefanya kazi yake kubwa nchini Marekani, alilieleza jambo hili vizuri katika mahojiano marefu aliyofanyiwa mwaka 1962 na mwelekezi Mfaransa François Truffaut, ambayo baadaye yalichapishwa kuwa kitabu. Alitoa mfano wa watu wanaozungumza mezani mambo ya kawaida tu, na chini ya meza pana bomu. Ikiwa hatukuambiwa lolote, bomu linalipuka nasi tunashtuka kwa sekunde 15. Lakini ikiwa tuliliona likitegwa, na ukutani pana saa inayotuonyesha muda uliobaki, mazungumzo yale yale ya kipuuzi yatatutoa jasho kwa dakika 15. Tunatamani kuwapigia kelele: acheni upuuzi, tokeni humo!

Hapa pana mambo mawili ambayo katika mijadala yetu huchanganywa, mshtuko na taharuki. Mshtuko huhitaji siri. Taharuki huhitaji tujue kitu, na zaidi ya hayo, tujue kuwa mhusika hakijui au hawezi kukizuia. Kwa maoni yangu, nyingi ya filamu za kutisha tulizotazama msimu huu ziliishi kwa mshtuko mtupu. Mlango unajipiga, muziki unapiga ukemi, paka anaruka kutoka kabatini. Paka ameniruka mara nyingi mno likizo hii. Mara ya kwanza nilipiga yowe, mara ya tano niliendelea kula njugu zangu.

Mfano bora wa bomu la Hitchcock tuliuona katika A Quiet Place, filamu ya John Krasinski ya mwaka 2018. Ulimwengu umevamiwa na viumbe vipofu wenye masikio makali kupindukia; anayetoa sauti anauawa. Familia moja inaishi kwa lugha ya ishara na kutembea pekupeku juu ya njia zilizomwagiwa mchanga. Siku moja mama mjamzito anapandisha gunia la nguo kutoka chumba cha chini. Gunia linanasa kwenye ngazi ya mbao. Analivuta, na bila yeye kuona, msumari unanyanyuka na kusimama wima, ncha juu. Basi. Kamera inatuonyesha msumari ule na kwenda zake. Tangu hapo hatukuwa na raha. Tulijua kwamba katika nyumba ya watu wasiovaa viatu na wasioruhusiwa kulia, mguu mmoja utaukanyaga. Hapakuwa na fumbo lolote la kufumbua. Mama huyo alipoteremka ngazi ile uchungu wa uzazi umemshika, mwenzangu mmoja alikuwa amekunja vidole vya miguu yake mwenyewe ndani ya soksi. Na hata baada ya msumari kufanya kazi yake bado umesimama pale pale, na kila anayeishuka ngazi hiyo anatutia jakamoyo upya. Nimeona filamu zilizogharimu fedha nyingi kwa mazimwi ya kompyuta ambazo hazikufua dafu mbele ya msumari huo.

Filamu ya Hitchcock mwenyewe, Psycho ya mwaka 1960, ilinitia aibu. Marion Crane ameiba dola 40,000 za mwajiri wake na kukimbilia katika hoteli ndogo ya kando ya barabara inayoendeshwa na kijana mpole, Norman Bates. Anauawa akioga, filamu ikiwa haijafika hata nusu. Tukio hilo la bafuni limesifiwa ulimwenguni kote pamoja na fidla za Bernard Herrmann zinazolia kama kisu kinachonolewa, ijapokuwa Hitchcock hapo awali hakutaka muziki wowote mahali hapo. Hata hivyo, taharuki kali nilikutana nayo dakika chache baadaye. Norman, ambaye wakati huo tunaamini kwamba anamfichia mamake uovu, anapangusa damu, anauviringisha mwili katika pazia la bafu, anautia katika buti la gari na kulisukuma gari hilo kwenye kinamasi. Linazama polepole. Linafika nusu, linasita. Norman anageuza shingo huku na huku. Chumbani mwetu hakuna aliyepumua. Gari likaendelea kuzama, nasi sote tukashusha pumzi kwa pamoja.

Ndipo binti mmoja aliyekuwa nasi akauliza, "Kwani sisi tuko upande wa nani?"

Swali hilo halikupata jibu, na nadhani ndipo penye siri ya Hitchcock. Kutaka kujua kulikuwa sehemu ndogo tu ya hali yetu. Tulikuwa tumetamani jambo fulani litokee, na kwa dakika ile tulitamani ushahidi wa mauaji upotee. Mwelekezi alitupa ujuzi ule ule alionao Norman, akatuweka mahali aliposimama, na mioyo yetu ikamfuata bila kutuomba ruhusa. Taharuki basi haihusu tu tunachokijua. Inahusu pia tunachokitaka, na mara nyingine tunachokitaka ni kitu ambacho mchana kweupe tungekikana.

Asije mtu akadhani kwamba haya ni maarifa ya wageni. Ngano ya msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijijini, kisha akapendezwa na mgeni mtanashati ngomani, husimuliwa katika jamii nyingi za Kenya. Mgeni huyo ni zimwi, na chini ya nywele zake pana kinywa cha pili kisogoni. Nyanya yangu aliponisimulia ngano hiyo hakukificha kinywa hicho hadi mwisho. Alikitoa mapema. Mdogo wa msichana aliona kisogo cha mgeni kikimeza nzi, akasema, na hakuna aliyemsadiki. Kuanzia hapo kila kijito walichovuka msichana na mchumba wake wakienda "kwao" kilikuwa msumari kwenye ngazi. Sisi tulijua, msichana hakujua. Tuliisikia ngano hiyo usiku baada ya usiku, tukijua kila jani lililokanyagwa, na bado hakuna aliyekubali kulala mwisho wa mkeka uliokuwa karibu na mlango.

Vivyo hivyo katika vibanda vya video vya utotoni. Mjini kwetu ilitosha kuwa na shilingi kumi. Filamu ilikuwa ya kigeni, lakini sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya msimulizi wetu, mmoja wa wale wanaosimulia filamu kwa lugha za nyumbani jinsi alivyofanya DJ Afro nchini Kenya na Lufufu nchini Tanzania. Msimulizi hakuheshimu siri ya mtu. "Mtazame huyu anavyocheka, hana habari kwamba hafiki asubuhi!" Mwelekezi aliyetumia mamilioni kuificha siri hiyo angezirai. Sisi hatukuzirai. Tulisogea mbele ya benchi. Kwa sentensi moja, msimulizi alikuwa ametega bomu chini ya meza ambapo mwenye filamu hakutega chochote. Ninakiri kwamba aliharibu kitu kingine: ukimya. Filamu kama A Quiet Place haiwezi kustahimili msimulizi. Ingekuwa sawa na kuwasha tochi ndani ya giza ulilolipia.

Turejee sasa kwa daktari wetu maiti. Baada ya hasira kunitoka nilikubali kuitazama The Sixth Sense hadi mwisho, nikiwa nimekwisha kuambiwa. Kuna tukio ambapo Malcolm anachelewa kufika mkahawani siku ya kumbukumbu ya ndoa yake. Anaketi mbele ya mkewe Anna, anaomba radhi, anaeleza mambo ya kazi. Mke hamtazami. Analipa, anatamka maneno machache ya heri ya siku hiyo, anaondoka. Wenzangu walioitazama zamani bila kujua siri waliniambia kwamba hapo walimwona mke mwenye kinyongo na ndoa inayobomoka. Mimi niliona kitu kingine kabisa. Nilimwona mjane aliyekwenda peke yake kula chakula mahali walipozoea kula wawili, na mbele yake mumewe akijieleza kwa bidii na hasikiki. Niliona haya kulia mbele ya watu kwa filamu ya mizimu, lakini kulikuwa na giza. Nilitaharuki katika kila tukio lililofuata, nikiogopa dakika ambayo Malcolm mwenyewe atajua nilichokuwa ninakijua. Sikuogopa mizimu ya mtoto yule hata kidogo. Nilimwogopea mzimu mmoja asipate habari.

Kwa hiyo mwenzangu alikuwa amenibadilishia filamu. Aliiondoa ya mshtuko akaniachia ya taharuki. Hata hivyo sisemi kwamba alinitendea wema. Juma lililofuata tulitazama The Others, filamu ya Alejandro Amenábar ya mwaka 2001, ambamo Nicole Kidman ni mama katika jumba la kisiwani Jersey mwaka 1945, mapazia yamefungwa na kila mlango hutiwa kufuli kabla ya mwingine kufunguliwa, kwa kuwa watoto wake hudhurika na mwanga. Safari hii tulimfunga mwenzangu mdomo kwa kumpa kazi ya kukaanga mihogo. Siri ya filamu hiyo ilipofunuka tuliruka sote, na ule mruko una utamu wake. Hupatikana mara moja tu. Aliyenyimwa mara hiyo moja hawezi kulipwa, na mwenzangu bado ana deni langu.

Baadaye alikuja na hoja mpya. Alikuwa amesoma kwamba mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa hadithi fupi 12. Baadhi ya wasomaji walifichuliwa miisho kabla ya kusoma, wengine hawakufichuliwa. Kwa jumla waliofichuliwa walizifurahia hadithi zaidi. Alitembea bwenini siku mbili kama wakili aliyeshinda rufaa. Ilibidi nimkumbushe kwamba tafiti nyingine za baadaye zilitoa matokeo kinyume na hayo. Nionavyo mimi, jambo hili haliwezi kuamuliwa kwa hadithi zote kwa pamoja. Inategemea hadithi imejengwa juu ya nini.

Ushahidi wangu ni filamu ya hapa kwetu, Kati Kati, iliyoelekezwa na Mbithi Masya na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2016. Mwanamke aitwaye Kaleche anajikuta nyikani amevaa vazi la mgonjwa wa hospitali, hakumbuki kitu. Anafika kwenye nyumba za wageni, anawakuta watu wakila na kucheza. Anataka kwenda nyumbani. Thoma, aliye kama kiongozi wao, anamweleza waziwazi: umekufa, sote hapa tumekufa. Msomaji atazame tofauti ilivyo kubwa. Siri ambayo Shyamalan aliilinda hadi dakika za mwisho, Masya anaitoa mlangoni, kama mtu anayempa mgeni maji ya kunawa. Kisha anatuacha na maswali mazito zaidi. Kaleche alikuwa nani? Hawa wanaocheka wamekuja na mizigo gani? Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zinajipenyeza humo pia, na hapo Mkenya anayetazama hawezi tena kujifanya kwamba anaogopa mizimu ya kubuni. Jina lenyewe limechaguliwa kwa ustadi: watu hawa hawako kwa walio hai wala hawajavuka. Wamekwama kati kati, nasi tumekwama nao.

Katika The Sixth Sense tunauliza, bila kujua kwamba tunauliza, "Huyu ni hai au mfu?" Swali hilo likijibiwa halirudi. Katika Kati Kati tunauliza, "Aliyekufa anawezaje kukubali alichokitenda?" Swali hilo halimalizwi na mtu anayenyoosha kidole kwenye kiwambo. Filamu hiyo haina kelele za milango wala damu ya kumwagwa kwa ndoo, na wapo waliolalamika siku ile kwamba si filamu ya kutisha. Mimi ninaihesabu kuwa ya kutisha kuliko zote tulizotazama.

Inabaki filamu moja ambayo bado inanisumbua kwa kuwa inataka kuivunja hoja yangu. The Blair Witch Project ya mwaka 1999, kazi ya Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, ni picha zinazodaiwa kupigwa na vijana watatu waliopotea msituni Maryland wakimtafuta mchawi. Mchawi haonekani, na mtazamaji hajui zaidi ya wahusika. Nilidhani hapa taharuki inazaliwa na kutojua kabisa. Lakini mwisho wake ni huu: kijana mmoja amesimama kwenye pembe ya chumba, uso ukutani, kimya. Filamu inakatika. Nusu ya chumba ilisema, "Ndiyo hayo tu?" Nusu nyingine ilikuwa imejifunika blanketi. Tofauti yao ilikuwa moja. Mwanzoni mwa filamu mwanakijiji mmoja anasimulia, kama mzaha, juu ya muuaji wa zamani aliyekuwa akimsimamisha mtoto mmoja pembeni, uso ukutani, huku akimuua mwingine. Waliokuwa wakiongea wakati huo hawakusikia. Waliosikia walibeba bomu kwa saa moja na zaidi bila kujua kwamba wanalo, na picha ya mgongo wa mtu ikatosha kulilipua. Kumbe hata hapo, aliyejua ndiye aliyeogopa.

Ijumaa ya mwisho ya likizo wenzetu waliokuwa wamekwenda nyumbani walirudi, wakaomba tuwaonyeshe Kati Kati. Mwenzangu hakuwa ameiona, kwa maana siku ya kwanza alikuwa safarini. Aliketi karibu yangu. Kaleche alipoanza kutafuta habari za kifo chake, alinisogelea sikioni akauliza kwa sauti ya chini, "Alikufaje huyu?"

Nilimsogezea sahani ya mihogo.